Sindano Ndani ya Kofia ya Baba

Baba yangu ni fundi nguo hapa sokoni Rumonge, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Kwa hiyo mguu wake wa kulia ulipoanza kufa ganzi, na kidonda cha kidole gumba kikakataa kupona, nyumba nzima tulikosa raha. Mshipa wa damu wa pajani ulikuwa umeziba. Daktari wa kwanza alisema huenda mguu ukakatwa gotini. Baba aliitikia tu, akarudi kazini, na wiki nzima hakutaka mtu asogelee meza yake. Nilidhani amenuna.

Daktari wa pili, kule Bujumbura, alitupa matumaini. Angepitisha waya mwembamba ndani ya mshipa na kuuzibua kwa puto dogo. Ila kwanza alitaka picha za MRI zimwonyeshe mshipa umebana wapi na waya upite njia gani.

Mashine ile ni sumaku kubwa, haitaki chuma karibu. Baba alivua saa, mkanda na nguo zote, akavaa gauni la hospitali. Kofia akagoma kuivua. Mzee wangu ana kichwa kigumu, tena hajazoea kukaa kichwa wazi mbele ya wageni.

"Hii iko kitambaa tu," alimwambia dada wa mashine. "Nimeishona miye mwenyewe."

Dada hakubishana. Alichukua kisumaku cha mkononi, akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa kofia. Kikanasa. Ilikuwa sindano, na uzi wa bluu bado umo tunduni. Mafundi wote wa soko letu huchomeka sindano hapo, na mimi, binti wa fundi, niliyekagua mifuko yake mara tatu, sikukumbuka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba, huku ulikuja kumushonea nani?" nilimuuliza kwa hasira.

"Kulikuwa kazi haijaisha," alijibu, akatazama pembeni.

Picha zilipotoka, daktari alituonyesha mahali mshipa ulipobana. Baba aliufuata kwa kidole kuanzia kinenani hadi mguuni, polepole, kama anavyofuata mstari wa chaki.

"Kumbe na nyinyi munapima mbele ya kuanza," alisema. "Sasa nimetulia." Kisha akamshukuru kwa Kirundi: "Murakoze, muganga."

Kesho yake wakauzibua. Jioni niligusa vidole vya mguu wake, vilikuwa na joto. Nililia bila aibu, naye akanicheka.

Wiki chache baadaye, kidonda kikiwa kinafunga, nilifagia chini ya meza yake kabla hajarudi kazini. Nikakuta suruali mpya ya bluu, kipimo chake mwenyewe. Mguu wa kushoto ulikuwa mrefu. Wa kulia ulikuwa umekatwa gotini na kupindwa vizuri, isipokuwa upana wa vidole vinne ambao haukuwa umeshonwa. Nikakaa chini na suruali mapajani. Kumbe wiki ile hakuwa amenuna.

"Lete," alisema Baba nyuma yangu.

Alipekua mfuko wa vipande, akakipata kile alichokikata, akakirudisha mahali pake, akikanyaga cherehani kwa miguu yote miwili.

Siku ya Idi aliivaa kwenda msikitini, mshono ukionekana wazi gotini. Jirani akamtania: fundi mzima, suruali mpya ina kiraka?

"Nilikosea kipimo," alisema Baba, akatangulia mbele yetu.