Chupa Yangu Ilikuwa Bado

Nikisikia kizibo cha sukre kikifunguliwa, kile kimlio kifupi na harufu ya machungwa inayochoma pua, mkono wangu huikamata chupa kwa nguvu kabla sijajua ninafanya nini. Sukre ndivyo sisi wa Goma tunavyoita soda. Kwenye harusi rafiki zangu hunitania, maana wao wamefika chupa ya tatu na mimi bado nahangaika na ile ya kwanza. "Neema anakunywaka sukre sawa dawa," wanasema. Nacheka pamoja nao. Lakini ninyi niwaeleze ilivyokuwa.

Papa alikuwa na mashua ya mbao yenye injini nyuma. Alipakia kasiye, yaani kreti, za bia na sukre pale bandari ya Kituku, akazisambaza kwenye nganda za kando ya ziwa, vile vilabu ambako wasafiri hushuka kunyoosha miguu na kulowesha koo, hadi kisiwani Idjwi. Kila vakansi kubwa, ile likizo ndefu ya shule, alinichukua. Nyumbani tulikuwa watoto watano, na kaka zangu walinuna siku nzima, lakini aliyepanda mashua ni mimi peke yangu. Niliamini napendwa kuliko wote. Mtoto akishaamini hivyo haulizi swali lingine.

Nganda zile nazikumbuka moja moja. Ya Minova ilinuka jibini la Masisi na redio yake haikuzimwa hata watu wakigombana. Iliyofuata ilikuwa na beberu aliyelamba bia iliyomwagika, kisha akalala katikati ya njia, na wateja wakamruka kwa heshima. Ya mwisho, kule Idjwi, ilikuwa ya Shangazi Vumilia, dada mkubwa wa Papa. Pale palinukia mananasi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zinazokaangwa kwa mawese, na nilipapenda kuliko kote.

Kulikuwa na sheria moja. Chupa hazikuwa mali yetu. Kule depo hupewi kasiye iliyojaa mpaka urudishe kasiye ya chupa tupu, na tundu moja likikosa chupa wanakurudisha ulikotoka. Kwa hiyo Papa hakuwasha injini kabla chupa ya mwisho haijaingia kwenye tundu lake. Niliona wazee wazima, wenye kofia na fimbo, wakihimizwa: "Muzee, maliza, mashua inakungoja." Nami nikaelewa kwa akili yangu ndogo kwamba aliyeshika chupa ndiye anayeishika mashua. Nikifika Idjwi nilikuwa nalamba tu, tone kwa tone, ili tusiondoke mapema. Papa aliigundua hila yangu akacheka sana.

"Kunywa pole pole, mama," aliniambia. "Chupa yako ikiwa bado, hatuendi."

Shangazi hakuwahi kupata mtoto. Chupa yangu aliifungua mbele ya macho yangu, maana kwetu chupa iliyofunguliwa pembeni hainywewi, hata aliyeileta akiwa ndugu yako wa tumbo moja. Kisha alinisuka upya, ingawa Mama alikuwa amenisuka juzi tu. Mwaka wa pili wa safari zetu nikakuta kibao kipya mlangoni, herufi nyekundu juu ya mbao nyeupe: CHEZ MAMA NEEMA, yaani Kwa Mama Neema. Niliruka kwa furaha. Nani katika darasa letu alikuwa na nganda yenye jina lake? Nilipomuuliza Papa, alisema tu kwamba Shangazi ananipenda.

Mwaka wa tatu begi langu lilikuwa zito, na Mama, ambaye hakuwa na desturi ya kuja bandarini, alikuja. Alinikumbatia mpaka nikaona aibu mbele ya wachukuzi.

Tulipofika Idjwi, Papa mwenyewe aliniletea sukre. Nilipoimaliza akaniletea ya pili. Sikuwa nimewahi kupewa mbili, hata Noeli. Alinigusa kichwani akasema anaenda kuangalia injini. Nilikuwa nalamba ile ya pili, nikijiona bibi mkubwa, niliposikia injini ikinguruma. Sikuogopa. Niliinua chupa nikaitazama, na kinywaji kilikuwa bado kimepita nusu. Nikajiambia anaijaribu tu.

Mashua ikageuka. Nikashuka majini nimeinua chupa juu, ili aone.

"Papa, yangu iko bado," nilisema. Nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi.

Hakugeuza kichwa. Namwona mpaka leo, shati la buluu na shingo iliyokaza kama ya mtu anayebeba ndoo. Nilisimama pale mpaka sukre ikapata moto mkononi, na sikuinywa, kwa sababu niliamini nikiimaliza nitakuwa nimemruhusu.

Shangazi alinibeba akanirudisha ndani, akafungua begi langu. Chini kabisa palikuwa na yunifomu ya shule, bluu na nyeupe, mpya, imepigwa pasi. Pasi ya Mama naijua. Ndipo nilipolia.

Sitamsema vibaya Shangazi. Hakunipiga, alinisomesha, na alipofariki nilimlilia kama mtoto wake, kwa kuwa nilikuwa nimeshakuwa wake. Kumpa dada asiyezaa mtoto wa kulea si jambo la ajabu kwetu. Wangeniambia, ningelia na kugoma kula, lakini ningepanda mashua nikijua ninakokwenda. Walijua wote, hata kaka zangu walionuna walikuwa wameambiwa. Hilo ndilo linaloniuma, na sitaki kujifanya limepona.

Majuzi Papa alikuja kwangu. Sasa ni mzee, mashua iliuzwa zamani. Nilimfungulia bia mbele ya macho yake, nami nikajifungulia sukre, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza. Hakushtuka. Alijibu kama mtu anayesifia kazi yake.

"Hatukukutupa, mutoto yangu. Tulikuzoeza pole pole, zile vakansi zote, juu usisikie mubaya. Hata ile siku, chupa ingine tupu nilibebaka toka Goma, niiweke mu kasiye pa nafasi ya yako, juu umalize yako bila haraka."

Aliyasema kwa upole, na najua aliamini ni wema. Basi ndivyo nilivyoelewa, mtu mzima mwenye watoto wangu, kwamba zile vakansi hazikuwa zawadi. Beberu, sambaza, kicheko chake juu ya hila yangu, vyote vilikuwa vya kunizoeza. Nilidhani natembezwa, kumbe nilikuwa napelekwa.

Papa alimaliza bia yake, akashika fimbo, akaanza kuinuka.

"Papa," nikamwambia, "chupa yangu iko bado."

Akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi. Akakaa chini, akaiegemeza fimbo ukutani, akangoja mpaka nilipomaliza.