Gurudumu Moja Mbele ya Baba Mkwe

Kisii mjini waliniita mama wa sarakasi, na sikuwahi kulizoea hilo jina. Sarakasi ni kazi ya watu, sina ubaya nayo. Huko ndiko nilikojifunza kupanda baiskeli ya gurudumu moja, kwenye kikundi kilichotumbuiza harusini na kwenye sherehe za shule. Lakini sikutaka makofi ya watu wanaokula pilau. Nilitaka kushindana. Nilitaka kuteremka mlima kwa gurudumu moja, nipimwe kama wanavyopimwa wa magurudumu mawili, niitwe mwanamichezo. Ni makosa hayo?

Miaka mingi niliwasumbua waandaaji wa mashindano ya michezo hatari. Wanaoruka mitaro kwa baiskeli za mlimani wana nafasi yao, wa pikipiki za matope wana yao, hata wale wa vibao vya magurudumu wana yao. Sisi je? "Mama, hiyo ni ya kuchekesha watoto." Niliambiwa hivyo mara nyingi hata nikawa najua watasema nini kabla hawajafungua mdomo. Na goti langu la kushoto lilikuwa linakwisha. Daktari aliliangalia, akaniangalia na mimi, akaniuliza kama sina kazi nyingine. Vijana niliowafundisha kwenye kiwanja nyuma ya soko la ndizi walikuwa wanaacha, huyu leo, yule kesho, wanaenda kuendesha boda boda. Ningewalaumu vipi? Mtu atafanya mazoezi ya mashindano yasiyokuwepo mpaka lini?

Ndipo tukasikia mashindano ya kuteremka mlima yanaletwa Manga, na Manga ndiko nilikoolewa. Nilimvizia mwamuzi mkuu alipokuja kukagua njia. Alikuwa mwanamume wa Nairobi, wa miwani ya jua, aliyekwisha kunichoka zamani.

"Sawa," akasema. "Wote wakishashuka, utashuka wewe. Kutoka juu mpaka chini, mguu usiguse ardhi. Ukifika, msimu ujao tunafungua kundi la gurudumu moja, mashindano yote. Ukigusa hata mara moja, mama, hii stori tuizike. Tusisumbuane tena."

Nikamwambia tumeelewana. Kisha nikaenda nyuma ya gari lake nikalia kama mtoto.

Asiyeijua hii baiskeli atadhani ni kukanyaga tu. Haina mnyororo, na yangu haikuwa na breki. Pedeli zimeshikana na gurudumu lenyewe, kwa hiyo gurudumu likizunguka, miguu inazunguka, upende usipende. Kwenye mteremko unalizuia kwa mapaja na magoti, hatua kwa hatua, huku mlima unakusukuma mgongoni. Ukilegea kidogo, kwaheri.

Na njia ile ilikuwa na kona moja iliyonikosesha usingizi. Ni pale chini ya boma la wakwe zangu, ambapo maji ya chemchemi yanakata njia, na udongo mwekundu unateleza kama mboga ya nderema kwenye sufuria. Kila asubuhi ya mazoezi niliteremka vizuri mpaka pale, na kila asubuhi nilianguka pale. Nilianguka kwa ubavu, nikaanguka kwa makalio, siku moja nikaanguka nikabaki nimelala tu nikitazama mawingu, nikamwambia Mungu kama hataki aseme. Niliilaani ile kona kwa Kiswahili, kwa Ekegusii na kwa Kiingereza cha shule.

Mazoezini nilijifunga leso juu ya suruali, nimeikunja mpaka magotini. Si kwa sababu ya baridi. Kwetu Wagusii, mke wa mwana na baba mkwe wana kitu kati yao kinachoitwa ensoni, nayo ni aibu na heshima kwa pamoja. Tangu niolewe sijawahi kumpa mzee huyo mkono. Haingii jikoni kwangu. Tukikutana njiani, mimi ndiye ninayetoka, nasimama kando, macho chini, mpaka apite. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mama mkwe, nami niko pale pale nasikia, kisha mama mkwe ananiambia upya kana kwamba nina masikio ya mawe. Vijana wa siku hizi wanacheka. Wacheke. Mimi nililelewa hivyo kwetu Nyamira, na miguu yangu ililelewa hivyo pia.

Siku ya mashindano leso haikuruhusiwa, ingenaswa na spoki. Ilikuwa suruali ya kubana, vikinga vya magoti na helmeti, basi. Nilimweleza mama mkwe, naye akanipiga begani akicheka. "Enda tu, mwanangu. Mzee atakuwa huko bondeni kwa majani chai mpaka mmalize. Amesema mwenyewe."

Walichagua Jumapili, maana nusu ya Manga ni Wasabato, na Jumamosi wangekuwa kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wa magurudumu mawili walishuka kwa kelele na matope, na kila aliyefika chini alisimulia ile kona. Wengi walikuwa wameanguka hapo. Nikakaza vikinga vya magoti. Kisha wakaita zamu yangu, na watu waliokuwa wanaondoka wakarudi, wakatoa simu. Wengine walikuja kucheka, niliwaona.

Nikapanda.

Sehemu ya juu ilikuwa mawe, nikayapita. Mizizi ya mikaratusi nikaipita. Goti lilikuwa linapiga kelele, nikaliambia, "Nyamaza, utalia kesho." Watu wakaanza kushangilia, si kwa kejeli, kwa kweli, na vijana wangu walikuwa wanakimbia kando ya njia wakipiga mbinja. Haki ya Mungu, sijawahi kuwa na furaha kama ile na hofu kama ile kwa pamoja. Nikaingia kwenye kona nikiwa nimekaza mwili mzima, nikisubiri kuteleza.

Hakukuwa na utelezi. Maji hayakuwepo. Njia ilikuwa imara, imekwanguliwa, na gurudumu likapita kama liko sakafuni.

Nikainua macho kushangaa, na mbele yangu, kando kabisa ya njia, nikaona kofia ninayoijua, gambuti ninazozijua, na jembe begani.

Ee Nyasae, Mungu wangu. Sikuwaza. Ningewaza, nisingefanya. Miguu yangu ilitoka yenyewe kwenye pedeli, nikajikuta nimesimama kwenye nyasi, kando, mikono mbele ya mapaja, macho chini. Baiskeli ilibingiria peke yake ikalala kwenye shamba la chai.

"Amegusa!" akapiga kelele mwamuzi, aliyekuwa akinifuata juu ya boda boda.

Alishuka, akavua miwani. Hata yeye alikuwa ameumia, nakiri. "Mama, kona umeimaliza! Pale mbele ni tambarare! Umeshukia nini?"

"Baba mkwe," nikasema.

"Halafu? Ungempita angekula?"

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, ila dereva wa boda boda, ambaye ni Mgusii kama mimi, aligeuza uso akajifanya anakagua taa. Vijana wangu walikuwa wamefika, nao walielewa bila kuambiwa. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu. Waliokota baiskeli, wakaifuta matope kwa mashati yao, wakashuka nayo. Wengi wao sikuwaona tena kiwanjani.

Jioni nilikuwa jikoni kwangu, goti limevimba kama kiazi, nikipika kwa sababu watu lazima wale. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni. Mzee akaja, akasimama nje nyuma ya ukuta, mahali pake pa siku zote. Alikohoa. Kisha akamwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia:

"Muulize aliyemwambia ashuke ni nani. Niliamka alfajiri nikachimba mfereji kuyatoa maji pale, nikakawia, nikamaliza kuikwangua njia wale wengine wote wameshapita. Niliposikia kelele nikajua ni yeye, nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa nimetazama chai. Nilifumba na macho."

Pale konani nilikuwa nimesimama karibu naye, macho chini. Sikuinua uso. Sikuona kwamba mgongo ndio ulionielekea.

Mwiko ulinitoka mkononi. Nililia bila kuficha, na ukuta ule si mnene, najua alisikia. Hakuondoka. Mama mkwe akanigeukia.

"Anasubiri," akasema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie," nikasema, "njia ilikuwa kavu."