Kukimbia Juu ya Maji hadi Busisi

Niliondoka Mkolani kwa sababu ya maneno ya mama. Alinipigia simu kutoka kwake Busisi, ng'ambo ya ziwa, akasema, "Mwanangu, ukishindwa tena safari hii, viatu hivyo uvigawe. Mbio ni za watoto wa shule." Nikamjibu, "Sawa mama," na hapo nikawa nimejifunga.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kukimbia nikiwa na miaka arobaini na kitu, daktari aliponionya kwamba presha na kukaa kitini mchana kutwa haviendani. Nilianza kwa kuogopa presha, nikaendelea kwa sababu ya raha yake. Nikikimbia, kichwa kinatulia, na hata marehemu baba namwona vizuri, anacheka. Daraja la Kigongo lilipokamilika, nikatamani kufika nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza goti lilivimba nikiwa Usagara, nikarudishwa kwa bodaboda. Mara ya pili malaria ilinilaza kabla hata sijafunga kamba za viatu.

Alfajiri ya Jumamosi nilitoka tena, bila kumwambia mama ni siku gani naja. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mawe, taa za malori zikija polepole na kupotea. Buhongwa wauza nyanya walikuwa ndiyo kwanza wanapanga mafungu. Niliwasalimu bila kusimama, wakanitazama sana.

Usagara niliiacha barabara ya Shinyanga nikakata kulia. Goti likaanza kuuma palepale lilipouma mwanzo, kama vile lilikuwa linanisubiri. Kijana wa bodaboda akanifuata taratibu.

"Mama, panda nikusogeze."

"Nikipanda nimekwisha, baba."

Akacheka, akanipa chupa yake ya maji, akaenda zake. Nikatembea, nikiogopa kweli, kisha nikajaribu tena hatua fupi fupi. Goti likakubali.

Kutoka hapo hadi Kigongo siwezi kusema vizuri nilipitaje. Nakumbuka ng'ombe wakivuka barabara bila haraka, na harufu ya udongo uliolowa. Mwili ulikuwa mwepesi, na wakati mwingine nilihisi nimesimama, barabara ndiyo inayorudi nyuma.

Pale Kigongo nilimwona Mama Neema, muuza samaki anayefahamiana na mama. Aliacha beseni lake akaniita, "We! Kuna nini huko?" Pumzi haikutosha kujibu. Nikapunga mkono tu, nikapita.

Juu ya daraja jua lilikuwa limeshapanda, lakini ukungu bado ulifunika maji, nikawa kama nakimbia hewani. Utotoni nilivuka hapa kwa kivuko, nimeshika gauni la mama, nikidhani ziwa halina mwisho. Sasa mwisho wake nilikuwa nauona, una miti na mabati yanayong'aa. Nililia kwa furaha, na sikujifuta.

Busisi nilikuta uwanja wa mama umejaa. Wanawake wamefunga kanga viunoni, wengine wamekuja na kuni na unga, mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa kimya pembeni. Nilijua nimechelewa, mama hayupo tena.

Kumbe ni mama huyo anatoka ndani, ananishika mabega.

"Nani? Niambie tu mwanangu, nani amekufa?"

"Nami nakuuliza wewe, mama!"

Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mwanamke mtu mzima hakimbii bure. Akionekana anakimbia kuelekea kwao, tena hajibu salamu, basi ni msiba. Mama Neema alikuwa amepiga simu ng'ambo.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Nimekimbia tu."

"Kutoka Mkolani?"

"Kutoka Mkolani."

Akalitazama goti langu, akaniangalia usoni, akakaa chini kwenye mkeka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na uwanja mzima ukacheka naye. Mama mdogo akauliza, "Sasa unga huu turudi nao?" Hawakurudi nao. Tulisonga ugali, tukala kwa samaki, msiba wetu ukawa karamu.

Asubuhi ya Jumapili mama alinisindikiza hadi darajani nikapande gari la kurudi, maana goti lilikuwa limeshatoa lililokuwa nalo. Katika safari hii nimejifunza kwamba mwili wa mtu mzima unafundishika, ila haupendi kufokewa. Nilitaka kumuuliza mama kuhusu vile viatu, nikaona aibu.

Tulipokaribia daraja, akakunja kanga yake, akatazama nyuma, kisha akaanza kukimbia. Hatua ndogo, ndala zikipiga lami. Nikachechemea kando yake. Mzee mmoja aliyekuja na baiskeli akashuka upesi, akavua kofia.

"Poleni. Kuna nini?"

"Hakuna msiba," mama akasema, akihema. "Tunakimbia tu."