Nimemwita Nyanya, Nikamkosa

Leo nimeharibu picha kwa neno moja tu.

Ngojeni niwaeleze.

Kamera ya marehemu babu, ile ya kutoa picha papo hapo, ililala kabatini miaka mingi kwa kukosa flashi. Zake zilikuwa za glopu, ukipiga picha moja glopu imeungua, na siku hizi hazipatikani. Juzi nikapata flashi ya betri inayoingia palepale. Karatasi ya picha nayo ilikuwa imebaki moja.

(Msinitajie simu. Nyanya ameitaka ya karatasi, aitundike kando ya picha ya babu.)

Basi akaketi kibarazani, hapa Utange, kajifunga leso mpya. Flashi hii lazima uingoje mpaka kitaa chake chekundu kiwake. Nyanya akawa anatabasamu peke yake, tabasamu ambalo sijapata kuliona. Na mimi nangoja kitaa!

Kikawaka. Nikataka anitazame, nikaita, "Nyanya!"

"Abee!"

Akasimama.

Wallahi nilisahau. Nyanya yangu kalelewa hivyo, akiitwa haitiki ameketi, hata akiitwa na mjukuu.

Kidole kishabonyeza.

Picha imetoka leso na kiti. Kichwa hakuna.

Nimeomba radhi hadi sauti imekauka. Yeye ameitundika vivyo hivyo.

"Usijali, mwanangu. Babu yako naye alikuwa akiniita. Zote alizonipiga sina kichwa."

Jamani, mwenye karatasi za kamera hizi, hata moja, aniambie.

Safari hii nitanyamaza.