Jiwe Zito Katika Gunia la Makadamia

Nimenunua makadamia kwa miaka mingi, na gunia likitua chini nasikia kama lina makadamia tupu au lina msaada. Msaada ndilo jina la jiwe, huku kwetu upande wa Manyatta. Mtu huokota makadamia yake, huyamenya, huyaanika, halafu kabla ya kufunga gunia anaona halijashiba vizuri, basi analisaidia kidogo. Si watu wabaya. Wengi tunakaa nao benchi moja kanisani.

Wapo wasiojua kazi hiyo, wanaoweka jiwe kubwa la mtoni ambalo hata kipofu angeligundua. Wapo na mafundi. Fundi hutafuta jiwe dogo lenye uzito mwingi, lenye rangi inayokaribiana na ganda la makadamia, na hulitia katikati ya gunia, mahali ambapo mnunuzi hafikishi mkono. Mimi huwa sigombani na mtu. Baada ya kununua humwaga magunia yote ndani ya pipa la maji. Makadamia yaliyokomaa huzama, machanga huelea, na msaada hunisubiri chini kabisa. Mawe niliyoyapata kwa miaka hiyo yamejenga ukuta mfupi kando ya banda la kuku.

Jiwe ninalotaka kulieleza lilipatikana chini ya pipa hilo, siku ya Alhamisi, wakati wa likizo. Nilikuwa nimechanganya magunia ya watu watano. Nilipoingiza mkono nikaligusa, nilidhani ni kipande cha chuma. Lilikuwa dogo kuliko ngumi ya mtoto, jeusi, pembe zake zimelainika, na upande mmoja ulimetameta kwa rangi za buluu na zambarau kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Nililiinua na mkono ukashuka.

Nilimpa ndugu yangu alishike. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Inafaa niseme sisi ni nani. Tuko watatu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha, nami nilikuwa kidato cha pili. Nilikwenda kumuaga mwalimu mkuu nikiwa na sare, nikamwambia siwezi kuendelea kwa sababu nina watoto wawili. Akanitazama kwa mshtuko, ikabidi nimweleze haraka kwamba ni watoto wa mama. Tangu siku hiyo niliweka neno moja moyoni: hawa wawili hawatatoka darasani kabla ya kengele ya mwisho kulia. Nimelima, nimechuma majani chai ya watu kule Kianjokoma, nimenunua makadamia, na neno langu halijasogea. Wakati ninaousimulia, ndugu yangu alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha ualimu. Mdogo wetu, msichana, alikuwa chuo kikuu Nairobi akisomea miamba na madini.

Miezi michache kabla ya hapo redio ilikuwa imetangaza kwamba koltani, madini adimu yanayotumika katika simu na kompyuta, yameonekana katika kaunti kadhaa, yetu ikiwemo. Kuanzia hapo hakuna aliyelima bila kutazama chini. Kule Mbeere, kwenye mawe na ukame, watu walikuwa na sababu. Lakini hata huku juu, ambako udongo ni mwekundu hadi mwisho wa kuchimba, nilimwona mzee mmoja akikagua kokoto za njia ya kanisa kwa miwani mbili.

Jioni ya Alhamisi hiyo ndugu yangu alikuja jikoni akaketi kwenye kigoda.

"Mami," akasema. Huniita hivyo akitaka kitu. "Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Mimi sirudi."

Nikaendelea kumenya viazi. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Natafuta hili jiwe lilipotoka. Mwalimu atashika chaki mpaka azeeke, na hapa tumeshika simu zote za dunia."

"Simu zote za dunia umezishika kwa mkono mmoja?"

"Wewe cheka tu."

Sikuwa nacheka. Mtu anayenyoa ndevu humpeleki shule kwa fimbo. Nikafikiria ukuta wangu wa banda la kuku, mawe yote yale, na hakuna hata moja lililowahi kuwa kitu. Nikamwambia basi, tumwachie dada yako alipime. Likishindwa, Jumatatu unakwenda chuo na husemi neno. Likishinda, mimi sisemi neno. Alikubali haraka mno.

Mdogo wetu alipima Jumamosi, mlangoni pa jikoni penye mwanga. Alitaka kigae cheupe cha bafuni, tukapata kilichovunjika. Alitaka sumaku, tukaing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Alitaka msumari na kipande cha kioo, hivyo vipo kila boma. Habari zilikuwa zimetembea, kwa hivyo watu walijaa uani, wale watano walioniuzia Alhamisi wakiwemo, na wengi walikuja na mawe yao mifukoni.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu anayeimba sauti ya chini katika kwaya. Alileta mfuko mzima wa mawe meusi yenye vitundu vitundu, aliyoyachimbua mahali ambapo zamani wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma. Mdogo wetu aliligeuza moja, akamwambia kwa heshima kwamba haya hayakuzaliwa ardhini, yametoka motoni, ni uchafu unaobaki chuma kikishatoka.

"Yana jina?" jirani akauliza.

Msichana akaona haya. Mwishowe akasema Kiswahili huyaita mavi ya chuma.

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mwenye mfuko, kwa ile sauti yake ya chini, hadi kuku wakatoka bandani. Alisema alikuwa ameyafungia kabatini pamoja na Biblia.

Mawe ya wengine yaliondoka moja baada ya jingine. Lililorukia sumaku liliwekwa kando, hilo ni la chuma. Lililochora mstari mwekundu kwenye kigae, hilo pia ni la chuma, la namna nyingine. Mdogo wetu alieleza kwamba rangi ya nje ya jiwe hudanganya, kwa sababu mvua na jua hulipaka jiwe rangi, lakini ukilisugua kwenye kigae linaacha unga wake, na unga haujui kudanganya. Nilimtazama akiongea, nikakumbuka alivyokuwa akilia akinyolewa nywele.

Ikafika zamu ya jiwe letu. Sumaku ikalipita kama haikuliona. Msumari ukateleza bila kuacha alama, na jiwe lenyewe likakikwaruza kioo. Kwenye kigae liliacha mstari wa kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Ndugu yangu alianza kutembea huku na huku. Mimi nilianza kutafuta kazi ya mikono, nikaokota ufagio.

Likabaki jambo la uzito. Mdogo wetu alisema uzito wa mkononi hautoshi, lazima tujue jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji yanayojaa nafasi yake. Tulifunga fimbo kwa kamba katikati, upande mmoja tukaning'iniza jiwe, upande wa pili kifuniko cha kopo. Mawe ya mizani hatukuwa nayo, kwa hivyo nikachagua makadamia. Hiyo kazi naijua: nikiyapitisha kiganjani natenga yaliyolingana bila kufikiri. Fimbo ilisimama sawa kwa makadamia thelathini na sita. Halafu tukalizamisha jiwe kwenye ndoo likiwa bado linaning'inia, na fimbo ikainama. Ikabidi tuondoe makadamia sita ndipo isimame tena.

"Maji yamelibebea sita," mdogo wetu akasema polepole. "Sita kwa thelathini na sita. Hili jiwe ni zito mara sita kuliko maji. Jiwe la kawaida halifiki hata mara tatu."

Akaketi juu ya debe, akatueleza jamaa ya hilo jiwe. Alisema madini hupangwa katika jamaa, na hili liko katika jamaa ya oksidi, yaani metali iliyoshikana na hewa ya oksijeni ikawa jiwe. Ndani yake wamo ndugu wawili, niobi na tantali, wanaofanana mno hivi kwamba ukimtoa mmoja mwingine anaingia mahali pake na nyumba haianguki. Niobi akizidi, jiwe linaitwa kolumbaiti. Tantali akizidi, ni tantalaiti. Chuma na manganisi nao hupokezana humo humo, na kila mmoja akizidi hulipatia jiwe jina la ukoo. Koltani ni jina la sokoni tu, la hao wawili wakitajwa kwa pumzi moja. Kwa macho hutawatenganisha. Kwa uzito unaweza kukisia, kwa sababu tantali ni mzito sana na angelifikisha jiwe karibu mara nane ya maji. Letu la mara sita lilikuwa limeegemea kwa niobi. Kusema zaidi ya hapo ni kazi ya maabara.

Maelezo ya ndugu wanaoshika nafasi ya mwenzao niliyaelewa vizuri kuliko yote niliyosoma shuleni.

"Lakini ni lenyewe?" ndugu yangu akauliza.

"Kwa vipimo vya mlangoni, ni lenyewe."

Akawageukia wale watano. Akauliza, kwa upole kabisa, gunia lililokuwa na jiwe hili lilikuwa la nani.

Jiwe la thamani lilikuwa limelala juu ya kigae, na mwenye kulidai angelazimika kwanza kusema mbele ya majirani kwamba alilitia kwenye gunia la makadamia. Mmoja akakumbuka kwamba ng'ombe wake hajanyweshwa. Mwingine akasema yeye hata hajui gunia linafungwa vipi, hufungiwa na mke wake, na mke wake aliyekuwa amesimama hapo hapo akamtazama kwa namna ambayo sitaieleza. Yule wa kwaya akasema la kwake lingekuwa na mavi. Wakaondoka wote.

Ndugu yangu akasema hana neno, ataomba ruhusa kuchimba kwa kila mmoja wao, boma kwa boma. Mimi nilikuwa nimesema sitasema neno, na sikusema. Nilifua mashati yake ya chuo, nikayaanika mahali atakapoyaona. Jumapili yalikuwa yamekauka na sanduku lake lilikuwa bado juu ya kabati, tupu.

Baada ya ibada cucu mmoja, bibi mzee wa kijijini, aliingia uani, taratibu, na fimbo yake. Alikuwa mmoja wa wale watano. Huyo ndiye aliyetuletea maziwa kila asubuhi mwaka ule wa kwanza tulipobaki peke yetu, na hakuwahi kuyataja. Nilimpa kiti. Alisalimia, akanywa chai yote, akafuta mdomo.

"Nimekuja kuchukua jiwe langu," akasema.

Ndugu yangu alisimama kama ameitwa jina darasani. Mimi nilimuuliza cucu, kwani alilitia mwenyewe?

"Nililitia. Usinitazame hivyo. Nilikuwa nakupima wewe, makadamia nilishayapima nyumbani. Nikasema, huyu msichana ameanza kununua akiwa mdogo, acha nione kama bado ana macho."

"Na ningekosa kuliona?"

"Basi ningenunua sukari."

Mdogo wetu ilibidi aingie ndani acheke. Ndugu yangu hakucheka. Alichuchumaa mbele ya cucu, akamuuliza jiwe lilitoka shamba gani.

Cucu akasema halikutoka shambani. Walipokuwa wakitengeneza barabara ya lami, miaka mingi nyuma, lori la kokoto lilipita likirukaruka na jiwe likaanguka karibu na miguu yake. Alilipenda kwa uzito, akalifanya la kukandamiza kifuniko cha chungu cha uji unaochacha, na limekandamiza uji tangu hapo.

"Lori lilikuwa linatoka wapi, cucu?"

"Lilikuwa linakuja. Mimi nilikuwa naenda."

"Kutoka upande wa Mbeere? Meru?"

"Mwanangu, lori la kokoto huwa naliulizia kwao? Nilikuwa nimebeba kuni." Kisha akamtazama, na sauti yake ikabadilika. "Nimesikia kanisani kwamba hurudi shule kwa ajili ya jiwe langu. Nilitia msaada kwenye gunia. Sikuutia usaidie mtoto wa marehemu kuacha masomo."

Mdogo wetu alikuwa amerudi. Alilishika jiwe, akaonyesha zile pembe zilizolainika, akasema ni kweli limesafiri, pengine mtoni kabla ya kufika machimboni, na machimbo yenyewe hakuna anayeyajua. Aliomba kipande kidogo apeleke maabara. Cucu akaruhusu, mradi kibaki cha kutosha kifuniko. Maabara ilikuja kusema niobi ndiye aliyezidi, pamoja na chuma, lakini hayo yalikuwa ya baadaye.

Ndugu yangu alikaa chini pale uani muda mrefu. Sikumwendea. Alipoinuka alikwenda kuanua mashati yake, akayakunja vibaya kama kawaida yake, akateremsha sanduku.

"Mami," akaniuliza akiwa mlangoni, "ulijuaje halitakuwa kitu?"

"Sikujua. Na lilikuwa kitu."

"Sasa mbona ulisema tulipime?"

Nikamwambia nilikuwa nimeshindwa kufikiria jambo lingine, na hiyo ndiyo kweli yote. Akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jumatatu asubuhi cucu alikuja tena kabla hatujafungua kuku. Alimwambia ndugu yangu anyooshe viganja. Akavitemea mate kidogo, pfu, pfu, kama wazee wetu walivyokuwa wakibariki anayesafiri, akavikunja vidole vyake kisha akavifungua, akasema asivipanguse, aviache baraka ikauke yenyewe. Kijana wa chuo, mwenye tai shingoni, alitii. Alitoka langoni na viganja vyake wazi mbele yake kama mtu aliyebeba maji, kwa hivyo sanduku nililibeba mimi hadi barabarani.