Sarafu Zilizosuguliwa kwa Majivu

Juzi, kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni hapa Ruangwa, mzee kutoka Mbekenyera alifungua leso juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na sarafu arobaini na mbili, zote za mkoloni, zote zenye tundu katikati. Za aina nyingine hakuwahi kuzitaka. Alizikusanya tangu ujana, na sasa alikuwa anaziuza ili mkewe akapasuliwe macho Nachingwea.

Mnunuzi kutoka Dar aliinua moja, akaigeuza, akairudisha.

"Mzee, nani kazisugua?"

"Mimi, mwanangu. Majivu na ndimu, siku mbili nzima. Mgeni hapelekewi uchafu."

"Huo uchafu wa miaka ndio nilioufuata, ndio unaozipa bei. Sasa ni vyuma tu."

 Mzee alizifunga tena, akakaza fundo la leso kwa meno, akaomba radhi kwa kumpotezea mgeni muda.

Kila akija kiongozi tunapaka chokaa hadi mawe ya barabarani, nami huwa nawacheka wapakaji humu humu gazetini. Lakini wiki iliyopita mzee huyo alikuja kuniuliza mimi, msomi anayemwamini, azipeleke vipi sarafu zake kwa mnunuzi. Nilimwambia, "Zisugue kwanza."

Alipoulizwa nani kazisugua, hakunitaja.