Baiskeli ya Pembe na Baba Mkwe wa Masukulu

Mimi ni mtu mzima, mwalimu wa sekondari, nafundisha watoto wa watu Jiografia, na mwaka huu nilimwangukia baba mkwe wangu kifuani mbele ya usharika mzima nikiwa nimevaa taiti. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi tumalizane, maana mimi kicheko kilishaniisha, na hapa Tukuyu mpaka leo kuna watu wakiniona sokoni wanaziba midomo kwa viganja kama vile mimi sina macho.

Mimi si wa huku. Kwetu ni Singida, nchi kavu na tambarare, mgeni unamwona tangu mbali, unabandika chai, inachemka, unaipua, ndiyo anafika. Nikapangiwa Rungwe, kwenye mvua na migomba na milima ambayo ukimaliza kushuka mmoja unaanza kupanda mwingine. Nikapanga chumba Kawetele, shule iko upande wa mjini, kila siku bodaboda, kila siku matope mpaka magotini, basi nikasema hapana, nanunua baiskeli.

Mchumba wangu wakati huo (andikeni hiyo "wakati huo") alikuwa Lusajo, kijana wa Masukulu, anafanya kazi halmashauri, mpole, anavaa vizuri, ukimwona unasema huyu Mungu alimtengeneza asubuhi kabla hajachoka. Posa ilikuwa imeshapokelewa Singida, wazazi wangu wameridhia, kilichobaki ni tarehe ya harusi tu. Na tarehe ilikuwa mkononi mwa baba yake, Mzee Asajile, mzee wa kanisa, ambaye alitaka mwanawe aoe binti wa huko huko na akanikubali mimi kwa shingo upande. Alisema hataki haraka, anataka kwanza aone kama huyo Mnyaturu ataiweza heshima ya nyumbani kwake.

Heshima yenyewe nilifundishwa na dada yake Lusajo, wifi Tumpe, jikoni, tukimenya ndizi.

"Wifi, huku mkwe hakutani na baba mkwe," aliniambia. "Ukimwona njiani, wewe potelea migombani. Mpe mgongo mpaka apite. Usimtaje jina, usimpe mkono, usimtazame usoni. Wengine siku hizi wameacha, ila baba hajaacha."

"Na yeye akiniona mimi?"

"Naye ana aibu zake," akasema, akacheka, akaendelea kumenya.

Lile jibu la mwisho ningelitafuna vizuri siku ile, leo nisingekuwa nawasimulia haya. Lakini mimi kichwa kilikuwa kimejaa la kwangu: kwetu binti akimwona baba mkwe anakimbia kumpokea mzigo na shikamoo juu, huku ndiyo anakimbia kabisa! Nikasema sawa, mgeni hachagui kigoda, nitakimbia.

Turudi kwenye baiskeli. Kuna jamaa pale Kiwira anauza za mtumba, amezipanga kando ya barabara. Mwisho wa yote zikabaki mbili. Moja ya kijivu, usukani umenyooka, tairi nene kidogo, breki ziko hapo hapo chini ya vidole, na nyuma ina keria. Nyingine nyekundu, baiskeli ya mashindano, tairi nyembamba, na usukani umejikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Bei ilikuwa ile ile.

"Chukua hiyo ya kijivu," Lusajo akasema. "Hiyo nyekundu ni ya lami. Wewe unaishi kwenye matope."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini muuzaji naye akatia neno lake: "Kweli dada, hii ya pembe ni ya wanaume." Hapo hapo nikaishika ile nyekundu. Nani kamwambia? Kwani mimi miguu yangu ina nini? Na tena (niseme ukweli, tuko wenyewe) nilikuwa nimeshajiona kwenye picha, nimeinama juu ya ile baiskeli, nyuma yangu mashamba ya chai, na walimu wenzangu wanaandika "Madam umetisha." Wamepata picha kweli.

Kwa wasiojua, baiskeli ya namna ile breki zake ziko kule mbele kwenye pembe. Sasa mimi nimejifunzia baiskeli ya babu, kwa hiyo kuinama vile kulinitia hofu, nikawa nashika pale juu katikati palipo sawa, naendesha nimekaa wima kama niko kanisani. Kwenye lami ya mjini haikuwa shida. Nikitaka kusimama napeleka mkono mbele taratibu, nazitafuta breki, nazipata, nasimama. Nikajiona nimefuzu.

Ikaja Jumapili ya mavuno huko Masukulu. Mnaijua sikukuu ya mavuno, kila mtu anapeleka alichojaliwa, mikungu ya ndizi, mahindi, kuku, halafu baada ya ibada kunakuwa na mnada nje. Mama mkwe akatuma neno nije kumsaidia kupika, maana baada ya mnada kungekuwa na wageni nyumbani, na wifi akanieleza mpango wote: nifike wakati watu wako ibadani, nikate njia ya nyuma, niingie jikoni, mzee hatanitia machoni. Nilielewa kwamba ule ndio mtihani wangu. Nikipika vizuri na nisionekane, tarehe inatoka.

"Njoo na bodaboda," Lusajo akanipigia asubuhi.

"Baiskeli ninayo," nikamjibu.

"Barabara ya huku imelowa, mama."

"Lusajo, mimi si mtoto."

Nikavaa taiti nyeusi, maana sketi inaingia kwenye mnyororo, na kitenge changu kizuri nikakikunja kwenye mkoba wa mgongoni. Hesabu yangu ilikuwa nisimame kabla ya mteremko wa mwisho, nijifunge kitenge, nikokote baiskeli mpaka njia ya nyuma kama binti mwenye adabu zake. Ilikuwa hesabu nzuri tu. Lakini ule mteremko wa mwisho mimi nilikuwa naujua kwa gari, na kwa gari unaanza pengine kabisa. Nakata kona, nasema bado, bado, kumbe ndio huo, na nimeshauanza.

Mvua ilikuwa imepita alfajiri, udongo umelainika kama sabuni. Zile tairi nyembamba zikaanza kuteleza, mimi nimeshika palepale juu katikati, breki naziona kule mbele, nikiachia mkono mmoja usukani unayumba, nikirudisha mkono baiskeli inazidi mbio, basi nikabaki nimekodoa macho na kusema Yesu, Yesu, Yesu. Na kanisa liko palepale chini, kando ya barabara. Na ibada ilikuwa imekwisha mapema, mchungaji alikuwa na safari ya mtaa mwingine, watu wameshatoka na nguo zao nyeupe wamejaa uwanjani wanasubiri mnada. Na katikati ya barabara, peke yake, jogoo kwapani, kofia kichwani, anavuka kwa mwendo wa mzee wa kanisa, ni baba mkwe.

Sikilizeni vizuri hapa. Barabara ile upande mmoja ina ukingo na mtaro, upande wa pili ni migomba. Ningeshika katikati nikapiga kelele, angenipisha, ningempita, ningeishia huko mbele kwenye uwanja wa shule na aibu yangu ndogo. Lakini masikio yangu yakamsikia wifi Tumpe: ukimwona, potelea migombani. Nikamtii. Nikakata usukani kuelekea migombani kwa moyo wangu wote.

Naye mzee akageuka akaniona. Akamwona mkwe wake anamjia. Na kwa kuwa naye ana aibu zake, na yeye akafanya anavyopaswa kufanya mtu mwenye heshima. Akajitupa migombani.

Tulikutana huko.

Nikaona jani, nikaona kofia, nikaona manyoya ya jogoo, halafu nikajikuta nimetua, na nilichotua juu yake kinapumua. Baiskeli iko juu yangu, tairi la nyuma bado linazunguka, tik tik tik, na uwanja mzima kimya. Na mimi, kwa malezi yangu ya Singida, uso wangu uko juu ya kifua cha mzee wa watu, nikasema kwa sauti ya adabu kabisa:

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mkono mmoja na kujifunika nayo uso, asinione, hata pale, hata nikiwa juu yake. Akasema na watu wengine kutokea chini ya kofia:

"Mwambieni huyo mtu aniondokee."

"Mwe bandu! Jamani watu!" bibi mmoja akapiga ukelele, na ukelele ule ndio uliofungua kicheko. Kicheko kikianza kanisani hakuna wa kukizuia. Kwaya, vijana, mpaka akina mama waliokuja mbio kuniinua walikuwa wananiinua wanatetemeka kwa kucheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alifungua kitenge chake cha juu akanifunga kiunoni, akanikaza fundo, akaniambia polepole, "Pole mukwe, pole mwanangu."

Lusajo alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na binamu zake. Nilimtazama. Nilitaka aje tu. Akaja, akanipita, akamwinua baba yake (na haki yake, mkono wa mzee ulikuwa umeteguka), kisha akarudi akaiokota ile baiskeli, akaiegemeza mgombani, na neno lake la kwanza kwangu, damu inanitoka kwenye kiwiko, lilikuwa hili:

"Si nilikwambia uchukue ile ya kijivu?"

Zilizofuata zilikuwa siku mbaya. Mzee akafungwa mkono hospitali, na mimi siwezi kwenda kumpa pole, maana mkwe haendi kukaa mbele ya baba mkwe. Nikapika uji, wifi akaupeleka. Nikaomba msamaha, wifi akaupeleka. Wakati huohuo mtu aliyekuwa na simu pale uwanjani alikuwa amenirekodi kuanzia kwenye "shikamoo", na video ikafika Tukuyu mjini kabla yangu. Darasani nikigeukia ubao nasikia mtu nyuma ananong'ona, "Shikamoo baba," na darasa zima linakohoa.

Nilikuwa nasubiri neno kutoka Masukulu kama mshtakiwa. Likaja, likaletwa na wifi Tumpe mpaka chumbani kwangu, anacheka na kulia. Mzee amesema huyu binti ana heshima. Amesema amewaona wakwe waliozaliwa huku huku wanampita barabarani wamemkazia macho, lakini huyu wa Singida, hata breki zikiwa zimemshinda, alikuwa anakimbilia migombani. Amesema tarehe ipangwe.

Nikapiga magoti sakafuni. Nilikuwa nimefaulu! Nikampigia Lusajo nikiwa bado nimepiga magoti, hakupokea. Jioni ya kesho yake akaja, akakataa kuketi, akaongea huku anatazama ile baiskeli iliyosimama kando ya kitanda.

"Ofisini wananiuliza baba anaendeleaje na mke wake mpya," akasema. "Kila siku. Hata mkuu wangu."

"Na wewe unawajibuje?"

Akagusa pembe ya ile baiskeli. Halafu akasema anaomba tupumzike kwanza.

Mwanaume anayeshindwa na vicheko vya ofisini wakati baba yake mwenye mkono uliofungwa ameshanikubali, mimi sikumwomba. Nilimfungulia mlango. Baadaye nikasikia posa imevunjwa, kwa maneno mazuri, kwa njia ya washenga, bila yeye kutia mguu Singida.

Ile baiskeli nimeirudisha Kiwira, jamaa akaipokea bila kuniuliza chochote (video alikuwa ameshaiona, nilimjua kwa jinsi alivyobana midomo). Ya kijivu ilikuwa imeshauzwa. Naapa mbele yenu, kama nitanunua tena baiskeli, usukani wake utanyooka na breki zitakuwa chini ya vidole vyangu, hata aje malaika aniambie nyingine ndiyo nzuri.

Lakini hilo silo lililonimaliza. Juzi nilikuwa mjini, nimetoka sokoni na furushi langu la magimbi, nikamwona Mzee Asajile anakuja mbele yangu. Mwili ukafanya wenyewe. Nikajibanza kwenye ukuta wa duka, nikampa mgongo, nikainamisha kichwa, nikasubiri apite. Nikasikia viatu vinakuja, vinakuja, vikasimama.

"Ugonile, mwalimu," akanisalimia.

Nikageuka. Alikuwa amevua kofia. Ananitazama usoni, mara ya kwanza, na macho yale ni ya Lusajo matupu. Akaninyooshea mkono, ule ule uliokuwa umefungwa, akangoja mpaka nikaupokea.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana." Akavaa kofia yake, akaenda.

Kama ningekuwa bado mkwe wake, asingenipa mkono. Nilibaki pale ukutani nimeshika magimbi yangu, nikalia kwa sauti, na watu wakapita wakinong'onezana kwamba maskini, mwalimu bado anaikumbuka ile baiskeli.